Anayesahau si mchawi, wala haambukizi

Mhariri,

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye simu huku Malindi, eti wazungu wamethibitisha kwamba ugonjwa wa kusahau wa wazee unaambukiza. Nilikuwa muuguzi hadi nikastaafu, na uvumi huu umenitia wasiwasi kuliko mwingine wowote, kwa sababu mzee anayesahau hapa kwetu tayari ana kesi nyingine ya kujibu. Huko bara ya Kilifi wapo wanaopaka piko mvi zao wasije wakaitwa wachawi. Sasa aongezewe na la kuambukiza?

Kilichotangazwa na watafiti wa London mnamo Januari 2024 ni hiki. Kati ya 1959 na 1985, watoto wa Uingereza waliodumaa walidungwa homoni ya ukuaji iliyotolewa kwenye tezi za maiti, chini ya ubongo. Miaka mingi baadaye, 5 kati yao wakaonyesha dalili kama za Alzheimer, ndio huo ugonjwa wa kusahau. Homoni hiyo iliachwa mwaka 1985, na watafiti wenyewe walisema ugonjwa hauenei kwa kumhudumia mgonjwa. Mwogeshe nyanya yako, mlishe uji, lala naye chumba kimoja. Hutapata kitu.

Homoni hiyo ilikuwa na sifa mbaya tangu zamani, maana iliwaletea baadhi ya watoto hao ugonjwa wa ubongo uitwao Creutzfeldt-Jakob, ambao chanzo chake ni prioni. Hii si virusi wala bakteria, ni protini tupu. Sote tunayo ubongoni ikiwa nzima, na haina neno. Taabu ni pale inapojikunja vibaya, kwani hapo ni yale ya samaki mmoja akioza: kila nzima inayoguswa hugeuka, nayo hugeuza nyingine, hadi ubongo unatoboka-toboka. Mtafiti wa Marekani, Stanley Prusiner, aliyeipa prioni jina mwaka 1982, alipingwa sana. Nani angeamini kwamba kitu kisicho na vinasaba kinaweza kuambukiza? Mwaka 1997 akapewa Tuzo ya Nobel. Lakini ugonjwa huo ni nadra, mtu 1 au 2 kwa kila milioni kwa mwaka, na kwa kawaida humuua mgonjwa kabla mwaka haujaisha. Aliyeanza kusahau majina ya wajukuu miaka sita iliyopita, na bado yupo barazani, hana huo. Protini za Alzheimer nazo hujikunja vibaya na kusambaa, ila ndani ya kichwa cha mwenyewe, isipokuwa zikidungwa, kama watafiti walivyoshuku kwa watoto wale.

Kisa ninachotaka watu wetu wakisikie ni cha Wafore wa Papua New Guinea. Katika miaka ya 1950 walikuwa wakifa kwa kuru, ugonjwa mwingine wa prioni, karibu watu 200 kwa mwaka, wengi wao wanawake na watoto. Mgonjwa alitetemeka, akayumba, akashindwa kusimama, akafa. Wafore hawakuwa na shaka: ni uchawi. Walioshukiwa walisakwa, wengine wakauawa, na kuru ikaendelea kama kawaida. Kumbe wakati wa mazishi jamaa walikuwa wakimla maiti wao kwa kumheshimu, na ubongo ukiwafikia zaidi wanawake na watoto. Desturi ilipokoma, waliozaliwa baadaye hawakuugua, ingawa watu wazima waliendelea kufa hata zaidi ya miaka 40 baadaye, kwa walichokila utotoni. Damu yote ile ya “wachawi” haikuokoa hata mtoto mmoja.

Na Wafore angalau waliamini kweli. Kwetu, nasema wazi, mara nyingi uchawi unatajwa lakini kinachotafutwa ni shamba la minazi.

Wahamasishaji wa afya ya jamii tayari wanapita nyumba kwa nyumba. Wafundishwe dalili za ugonjwa wa kusahau, na mzee afikishwe hospitali kabla ya kufikishwa kwa mganga wa kufichua wachawi. Kusahau kwingine kunatibika: tezi ya shingo isiyofanya kazi ipasavyo, upungufu wa vitamini B12, kaswende ya zamani, damu iliyovuja kichwani baada ya kuanguka, hata dawa anazomeza kila siku. Nanyi wahariri, mzee akiuawa msiandike “mshukiwa wa uchawi”. Aliyeshukiwa na nani, kwa ushahidi gani? Waulizeni jamaa hati ya shamba iko kwa nani.

Muuguzi mstaafu,
Malindi