Kasri la Seville na vibao vyetu vya hapa Uganda

Ndugu Mhariri, salaam na pole na kazi,

Naomba nafasi kidogo gazetini. Mwezi uliopita binti yangu anayesoma Uhispania alinipeleka Seville kuona jumba la wafalme linaloitwa Alcázar, na kabla hata hatujaingia nikamwambia mwanangu hili jina mi nalijua, si ndo kasri hili, al-qasr ya Kiarabu, neno lile lile letu. Akashangaa sana.

Ndani kuna upande wa gothiki ulioanzishwa na mfalme Alfonso wa 10 karne ya 13, dari za mawe zenye matao kama ya kanisa kubwa, na chini yake kuna matangi marefu ya maji ya mvua, pako kimya na baridi kweli kweli. Pazuri. Lakini mi nilikwama nje, mbele ya jumba la mfalme Pedro.

Huyu Pedro alikuwa Mkristo, na Seville ilishatoka mikononi mwa Waislamu tangu 1248, yani zaidi ya miaka 100 kabla yake, ila alipojenga aliita mafundi mpaka wa Granada, mji wa Uhispania uliokuwa bado chini ya masultani wa Kiislamu, wakamjengea kwa sanaa yao. Juu ya mlango kuna vigae vya buluu na vyeupe vimeandikwa Kiarabu cha herufi za pembepembe, nilisimama muda mrefu shingo juu naunganisha herufi moja moja mpaka ikatoka: wala ghaliba illa Allah, hakuna mshindi ila Mungu, kauli ya masultani wa Granada! Na kuizunguka pande zote ni Kihispania kwa herufi za gothiki, kinasema nani kajenga na mwaka, ambao kwa hesabu yetu ni 1364. Ukuta mmoja, lugha mbili, na hakuna iliyofuta mwenzake. Machozi yalinilenga.

Sasa Mhariri, niliporudi nikapeleka wajukuu sehemu moja ya kihistoria hapa kwetu, sitaitaja, vibao vyote Kiingereza tupu, na pembeni yangu palikuwa na familia ya Wakongo baba anawauliza watoto hapa wameandika nini, ikabidi niwasomee mimi kibao kwa kibao. Iliniuma, maana baraza la mawaziri lilishapitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi tangu 2022 na majirani zetu karibu wote wanakisikia. Tuna makaburi ya Kasubi walikozikwa wafalme wa Buganda, lililokuwa jumba la Kabaka (yani mfalme) Muteesa wa 1 la mwaka 1882, lile lililoungua 2010 likajengwa upya, kuna Mengo, makao ya Kabaka, mambo makubwa haya yanataka kusomwa na kila anayefika.

Nawaomba wanaosimamia sehemu hizi waongeze Kiswahili chini ya Luganda na Kiingereza, hata karatasi iliyochapwa tu kwa kuanzia. Nimefundisha Kiswahili sekondari miaka mingi, nitatafsiri bure, wanipate kupitia kwako Mhariri.

Mwalimu mstaafu,
Bombo