Suti ya baba yako mdogo iache kabatini

Mwanangu,

Hongera kwa kuitwa kwenye usaili wa tuzo ya vijana kwa lile kaushio la zabibu la kikundi chenu. Mama yako alinipigia kwa vigelegele hata maneno hayasikiki, na katikati ya vigelegele hivyo ndipo nikadokezwa kwamba umeomba suti ya baba yako mdogo. Nakujibu hadharani kwa sababu hauko peke yako. Kila msimu wa tuzo za vijana ukikaribia, mimi fundi cherehani wa hapa Majengo, Dodoma, naletewa suti za kuazima "zipunguzwe kidogo tu".

Iache kabatini. Baba yako mdogo ana mabega mapana, na bega ndilo sehemu ya koti ambayo fundi mwenye akili haigusi kwa kitu cha kuazima. Kiuno nitakibana, suruali nitaikunja pindo, na baadaye nitafumua irudi ilivyokuwa. Lakini bega lina pedi, lina bitana, lina mkono ulioshonewa pale kwa mzunguko wake. Ukiligusa hilo ni kama unashona koti upya, na mwenye nalo hatakusamehe. Ukilivaa lilivyo, kila utakapoinua mkono kueleza kaushio lenu la zabibu linavyofanya kazi, kola itapanda hadi masikioni. Utaanza kulivuta. Majaji nao wataanza kukutazama unavyolivuta, na hapo zabibu zimeshasahaulika.

Najua kinachokutisha. Kwa sera yetu ya taifa kijana ni mtu wa miaka 15 hadi 35, kwa hiyo wewe uliyemaliza kidato cha sita juzi utakaa foleni moja na mtu mwenye kampuni yake, saa ya maana na suti iliyoshonwa kwa vipimo vyake. Kwa suti humuwezi. Ila huo si usaili wa kazi ya benki. Wanataka kumwona aliyefanya yaliyoandikwa kwenye fomu. Vidole vyako vina alama za mkasi wa kupogolea mizabibu. Kata kucha, osha mikono, halafu usiifiche chini ya meza.

Kama roho inataka suti tu, nitakushonea kaunda. Haina tai, ina mikono mifupi, na joto la saa saba mchana hapa Dodoma haliitishi. Imepewa jina la Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia, na wazee wetu wameivaa ofisini miaka yote. Ni kweli Novemba 2023 Spika wa Bunge la Kenya aliipiga marufuku bungeni kwao, wakati Rais wao, William Ruto, ni mpenzi mkubwa wa vazi hilo. Hayo ni ya Nairobi. Hapa kwetu wabunge wanaingia nayo ukumbini, sioni jaji wa tuzo atakayekurudisha mlangoni. Na kama hela haijakaa sawa, suruali ya kitambaa nyeusi au bluu ya giza, shati la rangi moja lililopigwa pasi hadi kwenye mikunjo ya mkono, inatosha kabisa. Pita soko la Sabasaba asubuhi mapema wanapofungua marobota ya mitumba.

Nyeupe usivae. Kutoka Mpunguzi hadi Mji wa Serikali kule Mtumba unakatiza mji mzima, na upepo wa Julai unaujua. Ukipanda bodaboda utafika umepakwa wekundu kama tofali. Panda daladala, shati livae palepale ukifika, na uwe na kitambaa cha kufutia viatu mfukoni. Asubuhi kuna baridi, vaa sweta, ila livue kabla hujaitwa ndani.

Yule mwenzako wa Kondoa mliyeitwa pamoja mwambie ajaribu nguo yake akiwa amekaa, siyo amesimama mbele ya kioo. Sketi inayofika gotini umesimama hupanda sana ukikaa kwenye sofa fupi, na kumbi za siku hizi zimejaa sofa fupi. Kitenge kinafaa sana, kikishonwa kwa mshono mtulivu. Atakumbuka Juni 1, 2021, mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, alivyotolewa bungeni hapahapa Dodoma kwa sababu ya suruali. Wabunge wanawake wenzake walikuja juu, na mimi nilikuwa upande wao: suruali ile ningeishona mwenyewe bila wasiwasi. Lakini siku nzima ile nchi ilijadili suruali, na hoja za Momba hakuna aliyezitaja. Hicho ndicho ninachomkinga nacho huyo binti, wala si heshima ya majaji.

Ile suruali yako ya mabaka sitaki hata kuiona. Mavazi yanayofanana na ya jeshi ni kosa kwa raia, na Agosti 2023 jeshi letu, JWTZ, lilitoa siku 7 watu wayasalimishe. Fulana na kofia za chama, chochote kile, nazo zibaki nyumbani. Fulana ya kikundi chenu nayo ibebe kwenye mfuko. Wakikuomba kupiga picha utaivaa.

Siku wakija shambani kukagua kaushio ni habari nyingine. Vaa mabuti na nguo za kazi, safi, maana ukiwapokea na kaunda kwenye mizabibu wataona maigizo. Na kama duru ya pili itakuwa kwa simu ya video, epuka shati la mistari myembamba; kwenye kamera mistari ile hucheza kama maji.

Njoo dukani Jumamosi kabla ya adhuhuri, kabla wateja wa harusi hawajanizonga. Uje na viatu utakavyovaa siku hiyo, vimeshapakwa kiwi, kwa sababu urefu wa suruali siupimi kwa mtu aliyevaa ndala.

Shangazi yako, Majengo