Barua kwa somo yangu: picha ya Bibi

Ngamiani, Tanga
Jumapili jioni

Somo yangu kipenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko Dar es Salaam, wewe, Mama na watoto. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Ama baada ya salamu, picha ya Bibi imefika salama. Kaka yako aliipakata njia nzima, hakukubali iwekwe kwenye buti la basi. Mwambie nimemshukuru tena.

Nikueleze kwanza kilichoipata. Paa lilipovuja, maji yaliingia ndani ya fremu. Ule utando wa juu unaobeba picha ni wa jelatini. Ukalowa, ukavimba, na ulipokauka ukagandia kioo. Hapo ndipo mtu akajaribu kuibandua kwa kisu. Simlaumu, nia yake ilikuwa njema, lakini kipande cha shavu la kushoto na pembe ya jicho viliondoka na kisu, na vile havirudi. Kama kuna picha nyingine nyumbani zimeganda hivyo, nakuomba sana asiziguse mtu. Ziacheni na vioo vyake.

Mimi sikuitoa kwenye kioo. Nimeipiga picha hivyo hivyo, kamera juu ya stendi, taa mbili zikimulika kimshazari, moja kila upande. Nyuma ya kamera nilitundika buibui langu la zamani ili kioo kisirudishe mwanga wala sura yangu mimi.

Kilichonitisha zaidi ni lile doa la kahawia lililopita kifuani. Sikiliza nilivyoliondoa, maana hata mimi bado nashangaa. Picha ya rangi ndani ya kompyuta ni picha tatu zilizolaliana, nyekundu, kijani na bluu. Nilipoitazama ile ya bluu peke yake, doa lilikuwa jeusi kama masizi. Nilipoitazama nyekundu, karibu halikuonekana, kwa kuwa doa la manjano na kahawia humeza mwanga wa bluu na kuuacha mwekundu. Na picha ya Bibi ni nyeusi na nyeupe, haina rangi ya kupoteza. Basi nikaibakiza nyekundu, zile mbili nikaziondoa. Pale palipokuwa na doa ukatokea mkufu wake. Sote tulikuwa tunaipita picha ile ukutani kila siku, wala sikumbuki kuuona mkufu ule. Nililia, somo yangu.

Kijana ninayefanya naye kazi akaniambia, dada, malizia na akili mnemba, mbona dakika moja tu. Nikaijaribu kwenye nakala. Ikaleta uso mzuri, ngozi laini, macho yote mawili yanang'aa. Lakini yule si Bibi. Kipini chake cha puani kimefutwa, kimedhaniwa uchafu. Shavu lililokosekana limejazwa shavu la mtu mwingine. Mashine imeshaonyeshwa nyuso nyingi za watu, na Bibi hakuwamo, basi ikampa uso unaokaribiana na wake. Wanao hawakumwahi Bibi. Ningewaletea ile, wangekua wakisema huyu ndiye, na sisi tuliomjua tukiondoka hakuna wa kuwaambia siye. Nimeifuta.

Sasa nafanya kwa mkono, kwenye GIMP, ile programu ya bure. Kazi yote naiweka kwenye tabaka la juu, la chini linabaki lilivyo, ili siku yoyote mtu aweze kuona wapi nimegusa na wapi sikugusa. Naikuza picha mpaka kipini kinakuwa kikubwa kama sahani, kisha kila mkwaruzo nauziba kwa vipande vidogo vilivyotoka hapo hapo pembeni yake. Jioni tatu zimeishia kwenye paji la uso. Shavu nimeliacha kijivu, na sitaligusa mpaka mnitafutie picha nyingine ya Bibi ya miaka ile, hata ndogo ya paspoti, nione jicho lake lilivyokaa.

Nyuma yake, chini ya ile kadibodi, pameandikwa kwa penseli "Unguja, 1961". Mlikuwa mnajua? Muhuri wa studio umefifia, hausomeki. Muulize Mama kama walipiga kwa Ranchhod Oza, Capital Art Studio, maana studio ile ilikuwepo tangu 1930. Akisema ndiyo, nitapanda boti nikaulizie nigativu.

Na kuna jambo moja ambalo ni Mama peke yake anayeweza kunisaidia. Ni ile kanga aliyojitanda Bibi. Mji wake, pale katikati, una korosho kubwa kubwa, pindo ni jeusi, na jina, yale maandishi yake, limeingia kwenye mkunjo halafu maji yakapita juu yake. Ile akili mnemba iliandika vijichoro vinavyofanana na herufi, visivyosema kitu. Mimi nimekaa na herufi zenyewe usiku kucha. Mwanzoni nasoma USI, mwishoni nasoma MWENZIO. Utasema ni "Usisafirie nyota ya mwenzio", hata mimi nilisema hivyo. Nikapima, nafasi ya katikati haitoshi herufi zote hizo. Bibi alichagua kanga ile akaivaa kwenda kupigwa picha, alikuwa na lake la kusema.

Mama aliwahi kuniambia kanga za Bibi hazikugawiwa zote, nyingine zimo kwenye sanduku lile la njumu. Mwombe alifungue. Mkiikuta yenye korosho, itandazeni sakafuni, karibu na mlango penye mwanga, muipige picha pindo hadi pindo, kisha mnitumie usiku huo huo.

Ni mimi somo yako