Kahawa ya kijiweni inasingiziwa

Mhariri, habari za kazi. Mimi msomaji wenu wa siku nyingi hapa Ngamiani, Tanga, naomba nafasi kidogo niisemee kahawa manake siku hizi kila ugonjwa kahawa, mtu presha eti kahawa, mtu vidonda vya tumbo kahawa, na juzi kuna mwenzetu wa barazani kaambiwa ini lake limechoka basi kijiwe kizima kikahukumu ni kile kikombe cha baada ya magharibi. Jamani hapana, imeniuma.

Kwani kwenye ini ndo hasa kahawa inasifiwa! Tafiti zilizofatilia watu kwa miaka zimeona wanywaji wanapata makovu ya ini na kansa ya ini kidogo kuliko wasiokunywa, na kisukari ya ukubwani vilevile, tena hata waliokunywa ile iliyotolewa kafeini, yaani kile kinachofukuza usingizi, walionekana na nafuu kwenye sukari, kwa hiyo si kafeini peke yake. Mwaka 2017 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilitoa kazi iliyokusanya chambuzi 200 na kitu, wakaona nafuu kubwa iko kwa anayekunywa vikombe vitatu vinne kwa siku, na vikombe vyao si hivi vyetu vya kahawa vya kumeza mara mbili kimeisha. Sasa sidanganyi mtu, tafiti za namna hii haziapi kwamba kahawa ndo iliyowakinga, na mgonjwa wa ini aende hospitali asije kijiweni kutafuta dawa.

Marehemu baba alikuwa muuza kahawa, birika juu ya mkaa, vikombe anavigonganisha mkononi toka alasiri mpaka watu walale, mpaka leo nikisikia ule mlio natoka nje. Kahawa yake ilikuwa chungu na tangawizi basi, utamu mtu aupate kwenye kashata kipande kimoja. Leo vijana wanataka kahawa kwenye kikombe kikubwa cha chai, sukari vijiko vitatu, kashata nne pembeni, alafu sukari ikipanda lawama kwa kahawa. Kahawa yenyewe haina sukari, tunaitia sisi.

Ila kuna mambo nataka tuambizane kweli. Kwanza moto. Mwaka 1991 shirika la utafiti wa kansa lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliitilia kahawa shaka upande wa kibofu, 2016 wakaiondolea ile shaka, lakini hapohapo wakasema kinywaji chochote cha moto sana, kupita nyuzi 65, huenda kinaleta kansa ya umio, ile njia ya chakula, iwe chai iwe kahawa iwe maji. Na sisi tunasifiana kunywa ikiwa inatokota! Wazee wangu, ipulizeni, ikae kidogo.

Pili hii yetu ya kuchemsha haichujwi kwa karatasi, ina mafuta yanayopandisha kolesteroli, kwa hiyo mwenye tatizo hilo aichuje, na ule unga uliotuama chini ya kikombe asiukombe. Tatu bibi zetu waliposema kahawa inakausha damu walikuwa na lao, kweli ukinywa pamoja na chakula inazuia madini ya chuma yasiingie vizuri mwilini, basi mwenye upungufu wa damu aache ipite saa nzima baada ya kula ndo anywe. Mjamzito asipitishe kafeini miligramu 200 kwa siku, sisi wengine mwisho 400. Na usingizi, kafeini baada ya masaa matano hivi toka unywe nusu yake bado imo mwilini, mi mwenyewe nimeacha kikombe cha baada ya isha na sasa nalala.

Ombi langu mhariri, ukurasa wenu wa afya uandike kuhusu kahawa hii ya birika na tangawizi tunayokunywa Tanga nzima, msituandikie tu zile za mashine za mahotelini, tena muwaulize madaktari hasa kuhusu dawa za presha na za tumbo zinaendana nayo vipi, manake barazani kwetu karibu kila mzee ana kifuko cha vidonge mfukoni na kikombe mkononi.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga