Waliulizwa kama watahama, hawakuulizwa wanahamia wapi

Mhariri,

Mchakato wa BBI, ule mpango wa kubadilisha katiba ya Kenya, ulizimwa na Mahakama ya Juu Machi 2022, lakini gumzo la kura ya maoni halijakauka vinywani mwa wanasiasa wetu. Wakikwama bungeni, utasikia "twende kwa wananchi". Sina ugomvi na kwenda kwa wananchi. Ugomvi wangu ni na swali wanalopelekewa. Nimepiga kura mbili za aina hiyo katika nchi mbili, Kenya na Uingereza ninakoishi sasa. Zote mbili ziliwaacha watu wakitazamana kwa jicho la pembeni, ila kilichofuata hakikufanana.

Ya kwanza ilikuwa tarehe 21 Novemba 2005. Ndizi ilikuwa ndiyo, chungwa hapana. Leo tunachokumbuka ni matunda, lakini nyuma ya matunda kulikuwa na kitabu, ile rasimu ya katiba mpya iliyoitwa ya Wako, kwa jina la Mwanasheria Mkuu wa wakati huo. Wachache waliisoma hadi mwisho (mimi nilifika sura ya ardhi nikasinzia), ila ilikuwepo, na aliyetaka kujua anakataa nini aliweza kuifungua. Chungwa likashinda kwa asilimia 58 hivi. Kesho yake hakuna wakili wala mwenye duka aliyehitaji kuuliza nchi inaongozwa na sheria gani. Ni ile ile ya zamani.

Kilichopasuka ni siasa. Siku mbili baada ya kura, Rais Kibaki alilivunja baraza zima la mawaziri, na lilipoundwa jipya Desemba, wakubwa wa kambi ya chungwa walijikuta nje. Kambi hiyo ikazaa chama cha ODM, na kila Mkenya anajua uchaguzi wa mwisho wa 2007 ulitufikisha wapi: kwenye ghasia na mauaji. Ajabu ni kwamba katikati ya hayo yote uchumi ulikuwa unapaa. Mwaka 2007 ulikua kwa karibu asilimia 7, na ulidondoka 2008, damu ikiwa imeshamwagika. Tangu hapo mtu akiniambia soko limetulia basi nchi imetulia, namwitikia kwa adabu tu.

Ya pili, ya Uingereza kuhusu Umoja wa Ulaya, ndiyo iliyonifundisha zaidi. Mwaka 2016 nilikuwa nimeishi Uingereza miaka mitano, nikifanya kazi kwenye godauni moja, zamu ya usiku. Sheria yao inamruhusu raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi nchini kupiga kura, kwa hiyo mimi Mkenya nilikuwa kwenye daftari. Mwenzangu wa zamu kutoka Poland, aliyekuwa ameishi na kulipa kodi pale kwa miaka kumi na mmoja, hakuwemo. Tulilicheka jambo hilo wiki nzima. Baada ya tarehe 23 Juni, siku ya kura, hatukulicheka tena.

Karatasi yenyewe ilikuwa fupi. Je, nchi ibaki katika Umoja wa Ulaya au iondoke? Visanduku viwili, penseli imefungwa kwa uzi. Nakiri niliigeuza nione kama nyuma pana maelezo. Palikuwa peupe. Nikatia alama yangu, na upande niliouchagua si hoja ya barua hii.

Vituo vilifungwa saa nne usiku. Muda mfupi baadaye pauni ilikuwa kwenye dola 1.50, kabla hakujapambazuka ilikuwa imeporomoka hadi karibu 1.32, kiwango kisichoonekana tangu 1985. Sisi tunaotuma pesa nyumbani hatukuhitaji mchambuzi wa televisheni. Pauni iliyokuwa karibu shilingi 150 ilishuka chini ya 140 ndani ya siku chache, na karo za watoto hazikushuka nayo. Alfajiri ile mwenzangu aliingia kantini akaketi bila kuvua glavu. Akaniuliza, "Sasa mimi hapa ni nani?" Sikuwa na jibu. Meneja hakuwa nalo. Waziri Mkuu David Cameron naye, kabla hatujamaliza chai, alikuwa ametangaza kwamba anajiuzulu.

Waliotaka kuondoka walikuwa milioni 17.4, asilimia 51.9, waliotaka kubaki milioni 16.1. Ushindi ni ushindi hata ukiwa wa kura moja, na sikubaliani na wanaodai waliochagua kuondoka walikuwa wajinga. Nilifanya kazi nao. Mmoja alitaka biashara na Ulaya ibaki vile vile, kama Norway, ila bila siasa za Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya. Mwingine alitaka mipaka ifungwe. Wa tatu alitaka tu kumkomesha Cameron, na alinieleza hivyo waziwazi. Wote watatu walitia alama kwenye kisanduku kimoja. Ukiwauliza waliagiza nini, utapata majibu matatu yasiyoweza kukaa chumba kimoja.

Serikali nayo ilikuwa imekataa watumishi wake waandae mpango wa kuondoka, uamuzi ambao kamati ya bunge baadaye iliuita uzembe mkubwa. Kwa hiyo kila kiongozi aliyefuata alilijaza pengo kwa wino wake. Theresa May, aliyemrithi Cameron, alirudia kwamba Brexit, yaani kuondoka huko, maana yake ni Brexit, sawa na kumwambia abiria kwamba safari ni safari. Makubaliano yake na Umoja wa Ulaya yalipofika bungeni Januari 2019 yalikataliwa kwa kura 432 dhidi ya 202, kisha yakakataliwa mara mbili nyingine. Uskoti, iliyochagua kubaki kwa asilimia 62, ikaanza upya hesabu za kujitenga. Na mpaka kati ya Ireland, iliyobaki katika Umoja, na Ireland Kaskazini, iliyo sehemu ya Uingereza, karibu kilomita 500 za vichaka na barabara za vijijini, ambao haukuwemo kabisa kwenye ile karatasi, ukageuka fundo lililowashinda wote.

Watu hudhani mashaka ya kiuchumi ni maduka kufungwa na foleni za benki. Kwetu godauni yalikuwa na sura nyingine. Siku ya kuondoka ilipangwa iwe tarehe 29 Machi 2019. Kuanzia Januari wateja walijaza bidhaa hadi zikagusa dari, wakiogopa bandari zingekwama. Tukawa tunapitisha mikokoteni kwa ubavu. Tarehe ikasogezwa hadi Aprili, bidhaa zikatoka, tukabaki tunafagia sakafu tupu. Ikasogezwa tena hadi Oktoba, tukajaza upya. Mikataba ya vibarua ikawa ya miezi mitatu mitatu. Mashine mpya ya kupakia, ambayo tuliahidiwa kabla ya kura, ilikaa ubaoni ikiwa na neno moja pembeni, "inasubiri", hadi wino ukafifia. Ni mashine moja tu, ndiyo, lakini nchi nzima uwekezaji wa makampuni ulidumaa miaka ile. Uingereza ilitoka hatimaye tarehe 31 Januari 2020. Mwenzangu alikuwa amesharudi Poland tangu 2018. Hakufukuzwa na mtu. Alichoka tu kusubiri kuambiwa yeye ni nani.

Najua atatokea msomaji wa kusema kwamba kura yoyote yenye uzito lazima igawanye watu. Kweli. Jirani zao wa Ireland walipiga kura ya kuruhusu utoaji mimba tarehe 25 Mei 2018, suala linaloweza kutenganisha mama na binti yake. Lakini kwanza waliketi raia 99 waliochaguliwa kwa bahati nasibu, wakasikiliza pande zote. Kisha serikali ikachapisha muhtasari wa sheria itakayoletwa ikiwa ndiyo itashinda, miezi miwili kabla ya kura. Ndiyo ikashinda kwa asilimia 66, na kabla mwaka haujaisha sheria ilikuwa imetiwa saini. Bila shaka zipo familia ambazo hazijapatana hadi leo. Ila hakuna aliyekesha akijiuliza matokeo yale yana maana gani.

Sisi tuna bahati ambayo Waingereza hawakuwa nayo: katiba yetu ya 2010 inataka mabadiliko yake yaje kama mswada ulioandikwa. Ndiyo maana nashtuka ninaposikia, kwenye mikutano ya hadhara, pendekezo la kuwauliza wananchi swali la sentensi moja na kuacha mengine "yatapangwa baadaye".

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Waandishi wako wakikutana na mwanasiasa anayedai kura ya maoni, wasimuulize atashinda kwa asilimia ngapi. Wamuulize hivi: asubuhi baada ya matokeo, karani wa forodha akifungua ofisi yake, atafungua kitabu gani? Kisha wachapishe jibu lake lote, hata likiwa la mstari mmoja.

Msomaji wako,
Mkenya aishiye Uingereza