Mbunge anayesemea usalama wa taifa aanzie kwenye lindo la mtaa

Mhariri,

Kila Bunge la Bajeti likiketi hapa Dodoma, inapofika zamu ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, wabunge husimama kuomba kituo cha polisi, gari na mafuta. Ni maombi ya haki. Lakini mbunge anayesemea usalama wa taifa bila kugusa lindo la mtaa ameruka ngazi ya kwanza. Ibara ya 146 ya Katiba inataja kazi za serikali za mitaa, na mojawapo ni kuhakikisha utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi. Na Bunge hilohilo ndilo lililowapa sungusungu, yaani vikundi vya ulinzi vya wananchi, nguvu ya kisheria mwaka 1989.

Shida ya kwanza ni fedha. Chukua mtaa wa kaya 300. Kila kaya ikitoa shilingi 2,000 kwa mwezi, zinapatikana 600,000. Walinzi sita wakipewa 80,000 kila mmoja, zinabaki 120,000 za tochi, betri, firimbi, makoti na vocha. Mwezi wa kwanza wote wanatoa. Kufika wa tatu nusu wamegoma, kwa sababu mkusanyaji hakati stakabadhi na mapato hayasomwi mkutanoni. Posho inashuka hadi 50,000, walinzi wawili wanaacha, na wanne waliobaki wanapita kwenye nyumba zilizolipa tu.

Shida ya pili inauma zaidi, maana inawaachia wahalifu. Mtu anakamatwa saa nane usiku akiwa na televisheni begani. Anapigwa. Alfajiri anafikishwa kituoni, na aliyemkamata anarudi kulala bila kuandika maelezo. Mtuhumiwa ana majeraha, inabidi apewe PF3, fomu ya polisi ya matibabu, akatibiwe; sasa na yeye ni mlalamikaji. Televisheni imeshapita mikononi mwa watu watatu na hakuna karatasi inayoonyesha nani alimkabidhi nani. Hakimu atamfunga kwa lipi?

Daftari moja la lindo lingeziokoa kesi za namna hii: tarehe, saa, mahali, kitu kilichokamatwa na namba iliyo nyuma yake, jina la aliyekamata, mashahidi wawili, sahihi ya askari aliyempokea mtuhumiwa, na namba ya RB, yaani namba ya taarifa iliyoandikishwa kituoni. Polisi kata anaweza kulifundisha kwa jioni mbili. Afundishe pia kwamba raia akishakamata anapaswa kumkabidhi mtu huyo polisi bila kuchelewa, na kwamba kumpiga ni kosa la jinai, hata kama ameshikwa na kidhibiti mkononi.

Kwenye makazi mapya, kama Iyumbu na Nala, firimbi peke yake haitoshi. Nyumba zimeachana, na upepo wetu wa kiangazi unaimeza sauti. Huko kila kaya iwe na simu ya kiongozi wa zamu pamoja na 112 ya polisi, na namba ya anwani ya makazi ibandikwe getini, ili anayepiga simu ataje barabara na namba ya nyumba badala ya kuelekeza gari kwenye mti usiku.

Tunamwomba mbunge atakaposimama kuchangia amuulize waziri haya: walinzi wa mtaa walipwe kutoka kifungu gani, na ni kata ngapi za jimbo la mbunge huyo ambazo walinzi wake wamefundishwa kuandika maelezo?

Wasomaji wenu,
Dodoma