Kamera za mtumba za Ghuba, mulikeni lenzi kwanza

Mhariri, naomba kanafasi kadogo. Mi naishi Maskati, kupiga picha ni hobi tu wala silipwi, ila ndugu na marafiki huko nyumbani hawaishi kuniagiza kamera za mtumba, eti za huku zimetunzwa vizuri coz watu wana pesa. Jamani, si zote! Kiangazi joto linapita digrii 40 na unyevu wa baharini juu, ndani AC inapuliza saa zote, sasa ukitoka tu na kamera lenzi inashika ukungu palepale, unafuta unarudi tena. Dawa yake unaifunga kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kabla hujatoka, ukifika bandarini Mutrah unaiacha humohumo mpaka ipate joto la nje ndo unafungua, muda huo jua lishapanda na majahazi uliyoyafuata hayana mvuto tena, ndo maisha yenyewe haya.

Wengi hawana subira hiyo, unyevu unaingia, kamera inatupwa kabatini miezi na miezi, fangasi inaota ndani ya kioo. Kwa hiyo mnunuzi avue vifuniko vyote viwili vya lenzi, cha mbele na cha nyuma, amulike tochi upande mmoja achungulie upande wa pili, akiona vinyuzi kama utando wa buibui aachane nayo hata kama bei ni ya kutupa. Na betri za akiba zinapanda ndege kwenye begi la mkononi, za kwenye mizigo ya chini hazikubaliwi, msije mkamlaumu mliyemtuma.

Msomaji wenu, Maskati